Jaketi la kuzamia lisilokubana mbavu: mwongozo kamili kwa mzamiaji wa Kisumu

Jaketi langu la kwanza nililinunua kwa sababu lilikuwa laini. Nililivaa nyumbani Migosi, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona komando. Miezi miwili baadaye nikarukia maji karibu na Kisite, nikalijaza hewa nielee nikiwasubiri wenzangu. Jaketi likapanda, mimi nikabaki chini. Mabega yake yakanifika masikioni, mkanda wa tumbo ukahamia kwapani, na mtungi wa hewa ukawa unanigonga kisogo kila wimbi lilipokuja. Nahodha alinitazama kwa muda, akauliza: "Bwana, wewe umevaa jaketi, au jaketi limekuvaa?"

Jaketi ninalolizungumzia ni lile wazamiaji wanaloliita BCD: lina mfuko wa hewa ndani, mtungi unafungwa mgongoni mwake, nawe unalijaza au kulipunguza hewa ili uelee, uzame au utulie katikati ya maji. Nimenunua mawili tangu siku ile, na la mwisho ndilo ninalovaa hadi leo. Makosa yote ya hapo kati yalikuwa na mzizi mmoja: nilikuwa nalijaribu likiwa tupu, nimesimama wima, bila mzigo. Hali hiyo huipati popote baharini. Jaketi lina hali tatu za kweli: limebeba mtungi nchi kavu, limejaa hewa nawe unaelea wima, na limepungua hewa nawe umelala kifudifudi majini. Likikukaa vizuri katika zote tatu, ni lako. Likikosa hata moja, rudisha.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kupata mafunzo na cheti cha uzamiaji. Kama bado, anza huko, jaketi litakungoja.

Hatua ya kwanza: jua utazamia wapi

Ukikaa Kisumu, watu wanadhani utazamia ziwani. Siku moja nilipita Dunga na begi langu, kijana wa boti akaniambia, "Omera, leta hiyo laifujaketi tupeleke wageni kuona viboko." Nikamweleza, na wewe nakueleza: hili si jaketi la kuokolea maisha. Jaketi la kuokolea limeundwa kumweka aliyezirai uso ukitazama juu. BCD halina ahadi hiyo. Mtu akizirai laweza kumwacha uso ukiwa majini. Kwenye boti vaa la boti.

Ziwa lenyewe silipendekezi kwa starehe. Ghuba yetu ina matope, ukishuka kidogo tu huoni kiganja chako, na juu ya hapo kuna magugumaji, nyavu, viboko na kichocho. Wanaozama humo kutafuta miili ya waliokufa maji wanafanya kazi nzito, si burudani, na vifaa vyao ni habari nyingine.

Kwa hiyo wengi wetu wa bara tunazamia Pwani: Diani, Kisite, Watamu, au kwenye meli ya MV Dania iliyozamishwa karibu na Mombasa mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Maji ya huko yana joto la kati ya nyuzi 25 na 29. Hilo peke yake linakuondolea nusu ya majaketi yaliyoko sokoni, maana mengi makubwa yametengenezwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya anayevaa suti nene ya mpira ya kuzamia na kubeba kilo 12 za risasi, yaani vipande vizito vya madini vya kumsaidia kuzama. Wewe una suti ya milimita 3 na risasi kidogo. Usinunue lori la kubebea kikapu cha omena.

Hatua ya pili: piga hesabu ya nguvu ya kuinua

Kila jaketi lina namba inayoonyesha mfuko wake unaweza kuinua kilo ngapi. Wauzaji hupenda kuisifia namba kubwa. Chukua karatasi uhesabu mwenyewe.

Hewa iliyo ndani ya mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mkandamizo) ina uzito wa kilo 2.6 hivi. Mwanzoni unaibeba yote. Kisha kuna suti: mpira wake una viputo vya gesi, na kadiri unavyoshuka ndivyo vinavyobanwa. Mita 10 chini mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na mita 30 chini ni mara nne. Suti ya milimita 3 inaweza kupoteza kilo 2 hadi 3 za uwezo wake wa kuelea. Jumlisha: kilo 5 na ushei ndizo ambazo jaketi linapaswa kukufidia huko chini. Ukirudi juu unataka kichwa kiwe nje ya maji, weka kilo 5 nyingine. Tumefika 10 au 11. Jaketi la kilo 12 hadi 15 linamtosha mtu wa kawaida kwenye maji ya Pwani, na akiba inabaki.

Namba kubwa zaidi ina ubaya gani? Mfuko mkubwa ukiwa na hewa kidogo huiacha ikizungukazunguka ndani. Ukiinama kulia, hewa inakimbilia kushoto, nawe unapinduka taratibu kama boti iliyopakiwa upande mmoja. Utapambana nayo kwa miguu na mikono, na hewa ya mtungi itakwisha mapema.

Kama lebo imeandikwa nyutoni, gawanya kwa 10 upate kilo. Nyutoni 150 ni kilo 15 hivi. Ikiwa ni ratili, gawanya kwa 2.2.

Hatua ya tatu: chagua umbo

Kuna maumbo matatu, na hapa nitasema ninavyoona mimi.

La kwanza ni jaketi linalozunguka mwili, hewa ikiwa mgongoni na ubavuni. Ndilo utakalopewa ukikodi mahali pengi. Likiwa juu ya maji linakushika wima kama mtoto aliyebebwa mbele, na mifuko yake ni mikubwa. Ubaya wake ni huohuo wa kuzunguka: likijaa, linakaza mbavu. Mwenye kifua kipana au kitambi huhisi kama anakumbatiwa na shangazi ambaye hajamwona miaka mitano.

La pili hewa yake yote iko mgongoni. Mbele ni kamba na mikanda tu, kwa hiyo kifua kiko huru hata likijaa pomoni, na ukilala kifudifudi chini linatulia ajabu. Lawama yake kubwa ni kwamba juu ya maji linakusukuma uso mbele. Ni kweli, lakini mara nyingi ni kwa sababu mtu amelijaza kupita kiasi, au amefunga risasi zote mbele. Punguza hewa, egemea nyuma kama uko kwenye kiti cha kinyozi, lawama inaisha. Siku hizi navaa umbo hili.

La tatu ni bamba la chuma au la alumini, mkanda mmoja mrefu unaopita mabegani na kiunoni, na mfuko wa hewa uliotengwa. Halina ulaini wowote, na waliolizoea hawalitoi mwilini. Faida yake ni kwamba mkanda unakatwa kwa kipimo chako hasa, na likichakaa unabadilisha kipande kimoja. Kasoro kwa msafiri ni uzito: bamba la chuma huwa na kilo 2 na zaidi peke yake. La alumini ni jepesi mno kulinganisha.

Kabla hujatoa pesa, kodi. Safari mbili tatu za Pwani omba umbo tofauti kila siku, na jioni andika kwenye simu: aina, saizi, palipouma. Daftari hilo lina thamani kuliko ushauri wangu.

Hatua ya nne: pima mwili, usiamini herufi

"M" ya kampuni moja ni "L" ya nyingine. Mimi nilikwenda kwa fundi cherehani wangu pale Kondele, mzee anayenishonea suruali, nikamwomba vipimo vinne: kifua, kiuno penye kitovu, nyonga, na urefu wa mgongo kuanzia kifupa kinachojitokeza shingoni hadi usawa wa juu ya nyonga. Akaniuliza kama nashona kanzu. Vipimo vyote vichukuliwe ukiwa umevaa suti ya kuzamia au nguo nene inayokaribiana nayo.

Kipimo cha mgongo ndicho watu wanachokisahau, na ndicho kilichonitesa Kisite. Mgongo wangu ni mfupi. Jaketi lilikuwa refu, kwa hiyo mkanda wa tumbo ulikaa chini ya mahali pake na likapata nafasi ya kupanda. Mkanda huo unapaswa kukaa juu kidogo ya mfupa wa nyonga.

Kina dada, tafuteni yaliyoshonwa kwa umbo la mwanamke kabla ya kukubali "saizi ndogo" ya mwanamume. Mgongo wake ni mfupi zaidi na mikanda ya mabega inapinda ikapita pembeni mwa kifua, haikatizi katikati. Dada mmoja tuliyesafiri naye alikuwa akitoka majini na alama nyekundu kila siku, akidhani ndivyo uzamiaji ulivyo. Alipobadilisha jaketi, alama zikaisha. Ila ukiwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, la mwanamume laweza kukufaa kuliko hayo. Mwili ndio unaoamua.

Hatua ya tano: lijaribu nyumbani, na mzigo

Sijapata kuona duka la vifaa hivi hapa Kisumu, na wengi tunaagiza au tunanunua kwa mtu. Basi chumba cha majaribio ni sebule yako. Tatizo ni mtungi. Hakuna sababu ya kusafirisha mtungi uliojaa hewa ya baa 200 kutoka Mombasa kwa ajili ya kujaribu nguo.

Mtungi wa kawaida wa alumini una kipenyo cha sentimita 18 na nukta, urefu wa sentimita 66 bila valvu, na ukijaa una uzito unaokaribia kilo 17. Nikaenda kwa fundi bomba nikamwomba kipande cha bomba la maji taka la milimita 160, nikamtajia urefu.

"Mwalimu, choo kimeharibika?"

"Hapana, fundi. Nataka kulibeba mgongoni."

Hakuuliza tena, ila alinipa na vifuniko viwili vya mwisho bila kuongeza bei. Jaza mchanga mkavu, ukipima kwa mizani ya mama anayeuza omena hadi uzito wote ufike kilo 17, ukandamize na magazeti usichezecheze. Bomba ni jembamba kuliko mtungi, kwa hiyo lizungushie blanketi kuukuu na ulifunge kwa gundi ya utepe hadi mzunguko wake ufike sentimita 58. Sasa una mtungi usioweza kulipuka.

Lowesha ukanda wa jaketi unaoshika mtungi, maana nailoni ikilowa hulegea kidogo, kisha ufunge bomba. Inua jaketi kwa mpini wa nyuma ulitikise. Bomba likiteleza, ukanda haufai au haujafungwa sawa. Kisha vaa.

Kwanza, likiwa tupu, tembea dakika kumi. Panda ngazi kama unazo. Uzito unapaswa kukaa kiunoni, mabega yakichukua sehemu ndogo. Vidole vya mikono vikianza kufa ganzi, mikanda ya mabega imekata kwapa, badilisha saizi.

Pili, lijaze. Puliza kwa mdomo kupitia kipulizio, ile hosi ya kulijazia jaketi hewa, hadi valvu ya usalama ipumue yenyewe, "pshhh". Toa pumzi nje tu, usivute hewa iliyomo ndani, nitakueleza sababu. Sasa vuta pumzi ndefu ujaze kifua. Cheka. Soma taarifa ya habari kwa sauti. Kama sentensi inakatika katikati, usijidanganye kwamba litazoea; mfuko hauzoei, na baharini utakuwa na suti inayobana pia. Pale unapopaswa kupumua polepole ndipo litakaponyang'anya pumzi yako.

Tatu, keti kwenye stuli, likiwa bado limejaa, umwambie mtu wa nyumbani ashike mabega ya jaketi aliinue moja kwa moja juu. Mke wangu alilifanya hili jukumu kwa furaha isiyo ya kawaida. Likipanda kiasi cha vidole viwili au vitatu, sawa. Likipanda hadi kidevuni, limekushinda. Kaza mkanda wa tumbo urudie. Ukikaza mpaka mwisho na bado linapanda, ni kubwa. Angalia pia upande wa pili: kila mkanda ubaki na nafasi ya kukazwa na ya kulegezwa. Mkanda uliofika mwisho sebuleni hauna pa kwenda baharini.

Nne, toa hewa, lala kifudifudi juu ya benchi, kifua na tumbo vikishikwa, miguu nje. Inua kichwa utazame mbele. Ukigusa juu ya bomba kwa kisogo, lishushe kwenye ukanda. Jigeuze kidogo kulia na kushoto. Bomba linapaswa kwenda na mgongo, lisitangulie wala lisichelewe. Hii ndiyo hali utakayokaa nayo dakika arobaini au hamsini, kwa hiyo usiipitie haraka.

Hatua ya sita: vidude vidogo

Fumba macho. Tafuta kwa mkono kipulizio, kamba ya valvu ya begani, kamba ya valvu ya nyuma chini, na mishikio ya kuachia risasi. Kama mojawapo inakutafutisha, hilo ni kosa la jaketi au la saizi. Valvu ya nyuma chini usiikose: ukiwa umeinamisha kichwa, hewa iko kiunoni, na ya begani haitoi kitu.

Mifuko ya risasi iliyo ndani ya jaketi inaokoa kiuno, hasa kwa mwenye nyonga nyembamba. Hakikisha inatoka kwa mvuto mmoja na haitoki yenyewe. Ijaze, kisha rukaruka sebuleni. Vifuko viwili vidogo karibu na mtungi ni vya maana pia: kilo moja moja nyuma inakusaidia kulala sawa. Mifuko ya vitu ijaribu ukiwa umevaa, maana mingi hufunguka vizuri mezani na kugoma ukiwa umekaza mkanda. Pete za kuning'inizia vitu, nne zinatosha. Rangi, chagua unayotaka.

Hatua ya saba: la mitumba

Hakuna aibu, mradi ulikague. Niliwahi kuliona moja kwenye soko la mitumba, linauzwa kama "begi la kompyuta, original". Nililinunua shilingi mia nane kwa udadisi. Nikalijaza jioni, asubuhi lilikuwa limelala kama chapati. Jaketi zima linapaswa kukaa gumu usiku kucha.

Mimina maji masafi ndani kupitia kipulizio, tikisa, yamwage kwenye beseni jeupe. Chembe za chumvi, utando wa kijani au harufu ya ukungu ni dalili kwamba mwenyewe hakuwa akiliosha ndani. Ndiyo sababu nilikuonya usivute hewa yake: mfuko wenye unyevu huzalisha vijidudu, na mapafu si mahali pake. Kisha lijaze, lizamishe kwenye tangi la maji, ufuatilie viputo kwenye mishono na kila valvu. Bonyeza kitufe cha kujaza mara ishirini. Kinachonata nchi kavu kitakwama baharini, na jaketi linalojijaza lenyewe litakurusha juu kabla hujajua. Kipulizio kinabadilishwa, na si ghali sana kulinganisha na jaketi. Mfuko uliooza haubadilishwi kwa urahisi. Hapo achana nalo.

Angalia pia kichwa cha hosi inayoleta hewa kutoka kwenye mtungi. Baadhi ya vipulizio vilivyounganishwa na regulata ya akiba (kifaa cha kupumulia) hutumia kichwa kipana, hakitaingiliana na hosi yako.

Hatua ya nane: majini

Kabla ya bahari, bwawa la kuogelea la hoteli linatosha kwa jaribio la kuelea, hata bila mtungi. Omba ruhusa, nenda na mwenzako, jaza jaketi kwa mdomo, elea dakika kumi na tano. Funga na ulegeze kila bizimu ukiwa ndani ya maji.

Usichukue hesabu ya risasi za bwawani ukaipeleka Diani. Maji ya chumvi ni mazito zaidi. Ukihesabu mwili, mtungi na vifaa kuwa kilo 100, baharini utahitaji kama kilo 2.5 zaidi. Na mtungi wa alumini unapokaribia kwisha huanza kuelea, kwa hiyo jipime mwishoni mwa mbizi, ukiwa na baa 50, kwenye mita 5. Ukiweza kutulia hapo jaketi likiwa karibu tupu, risasi zako ziko sawa. Wengi wanaolalamika kwamba jaketi linawatesa wamebeba risasi nyingi mno, kisha wanalijaza hewa ili kuzifidia.

Kurudi nyumbani

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na barabara yetu inapita Nairobi na kupanda zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuteremka. Usitoke majini mchana ukapanda basi la usiku, maana kupanda juu mwili ukiwa bado na gesi ya mbizi kunaweza kukudhuru. Kwa ndege, mwongozo unaofuatwa ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi nyingi za siku kadhaa, na mimi nauchukulia uleule kwa mlima. Siku hiyo ya kungoja ndiyo ya jaketi: jaza maji yasiyo na chumvi ndani, tikisa, mwaga, rudia mara tatu, litundike kivulini.

Halafu litoe hewa yote kabla ya kulifungasha. Safari moja niliacha kidogo, nikafunga valvu na zipu ya begi. Tulipofika Nakuru, mita 1,850, begi lilikuwa limefura, na mama aliyekaa kando yangu akauliza kama nimebeba kuku.

Nyumbani ni kinyume chake: lijaze robo ya hewa ili kuta za mfuko zisigandamane, ulitundike kwenye hanga nene mbali na jua. Bomba la mchanga usilitupe. Rafiki yako wa kwanza atakayetaka kujaribu jaketi atakuja kuliazima.